Maswali ya Rangi: Mwanga Kwanza, Namba Baadaye

Barua nyingi za safari hii, kutoka kwa wanaochora kwa kompyuta na tableti, zinaomba kitu kimoja kwa maneno tofauti: nipe rangi. Nipe rangi ya anga, nipe rangi ya nywele, nipe rangi ya jani. Sina rangi ya kumgawia mtu. Nilichonacho ni njia ya kuitafuta, na njia hiyo nimeieleza hapa mara nyingi: panga mwanga na kiza kwanza, rangi ifuate. Leo nairudia tena, kwa sababu bado naletewa michoro yenye rangi arobaini ambayo, ukiitazama kutoka hatua tatu, huoni kichwa wala mguu.

Mwalimu, naomba namba kamili ya rangi ya ngozi nyeusi. Nimeuliza watu wengi na kila mmoja ananipa tofauti.

Kila mmoja anakupa tofauti kwa sababu namba hiyo haipo. Nitalijibu swali hili kwa kirefu mara hii, ili atakayelileta tena nimwelekeze hapa.

Ngozi si ukuta uliopakwa rangi. Mwanga ukiigonga, sehemu yake hurudi juu kwa juu, na sehemu nyingine huzama ndani, ikatawanyika kwenye melanini (chembe zinazoipa ngozi weusi wake) na damu, kisha ikatoka ikiwa imeelekea wekundu. Ndiyo maana sikio lenye jua nyuma yake huwaka kama kaa, na ndiyo maana pale nuru inapoanza kugeuka kivuli kwenye shavu huwa pana ujoto fulani wa rangi. Sasa, ngozi ikiwa nyeusi, melanini humeza sehemu kubwa ya ule mwanga uliozama. Unaobaki kuonekana waziwazi ni ule uliorudi juu kwa juu, na huo haubebi rangi ya ngozi hata kidogo, unabeba rangi ya chanzo chake. Msimamishe mtu nje mchana, chini ya anga tupu: kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu na juu ya bega utaona mng'ao wa samawati. Mkalishe kando ya moto usiku, mng'ao ule ule unakuwa wa machungwa. Mtu ni yule yule na ngozi ni ile ile, lakini hakuna pikseli, yaani nukta ya picha, hata moja yenye namba iliyobaki kama ilivyokuwa.

Kosa linaloniuma ni la mtu kuchagua kahawia moja, akaichanganya na nyeusi kupata vivuli, akaichanganya na nyeupe kupata mng'ao. Uso unatoka umepauka, kama mtu aliyeamka mgonjwa na kujipaka majivu. Watu weusi wamechorwa hivyo kwa muda mrefu mno, na inanihuzunisha kuona wachoraji weusi wakiendeleza.

Fanya hivi. Amua kwanza taa ya mandhari yako ni ipi na inatoka wapi. Chagua rangi ya kati ya ngozi ukiwa umeshaweka rangi ya mandhari ya nyuma, usichague juu ya turubai nyeupe, maana weupe ule utakudanganya uchague rangi nyepesi kupita kiasi. Kivuli kishushe mwangaza, kisha kisogeze kidogo kuelekea nyekundu au zambarau, na ukolezi wake, yaani ukali wa rangi, usiogope kuuongeza. Mng'ao upunguze ukolezi na uupe rangi ya taa. Viganja na nyayo ni nyepesi kuliko sehemu nyingine, viwiko na vifundo vya vidole mara nyingi ni vizito zaidi, na midomo ya watu wengi ina rangi mbili, ya juu na ya chini. Halafu nyosha mkono wako kando ya dirisha, uutazame dakika tano kamili bila kuchora. Hakuna atakayekupa namba zinazoishinda hiyo.

Programu ipi inapaka rangi vizuri zaidi?

Uliyonayo. Kama huna, pakua Krita, ni ya bure na inatosha hata kwa kazi ya kulipwa.

Unasisitiza tukague mchoro kwa kuugeuza mweusi na mweupe. Nimeshusha kitelezi cha ukolezi hadi sifuri. Nguo ya manjano na ukuta wa bluu vimetoka kijivu kile kile, lakini kwa macho yangu naona vimeachana kabisa. Nani anadanganya?

Kitelezi kinadanganya, macho yako yako sawa. Asante kwa kuuliza, maana wengi hukiona kijivu hicho wakaamini, wakaenda kuharibu mchoro uliokuwa mzima.

Jicho haliupi kila mwanga uzito sawa. Katika kipimo kinachotumika kwenye skrini zetu, kijani peke yake hubeba takriban asilimia 72 ya mwangaza tunaouhisi, nyekundu asilimia 21, na bluu asilimia 7 tu. Manjano ya skrini ni nyekundu na kijani zikiwashwa pamoja, kwa hiyo manjano safi ina karibu asilimia 93 ya mwangaza wa nyeupe. Bluu safi inabaki na zile 7 zake. Hapo ni karibu mbingu na ardhi. Lakini fungua gurudumu la rangi la programu yako uzitazame: zote mbili zimeandikiwa mwangaza 100. Kitelezi cha ukolezi nacho, katika programu kadhaa, hufuata hesabu hiyo hiyo isiyojua chochote kuhusu jicho.

Namna sahihi ni hii: weka leya (tabaka) mpya juu kabisa, ijaze nyeusi au nyeupe tupu, kisha ibadilishe modi, yaani namna inavyochanganyika na leya za chini, iwe ile ya Rangi. Leya hiyo itaondoa rangi na kuacha mwangaza kama jicho linavyoupima. Iwashe na kuizima kila baada ya dakika chache unapofanya kazi, usingoje mwisho.

Na nikiwa hapo hapo, niseme jambo ambalo halikuulizwa. Lugha yetu ina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyobeba viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema mtu mweupe, kitu cheusi, majani mekundu. Zilizobaki tumeziazima kwenye vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, waridi ni ua, samawati ni mbingu iliyotujia kutoka Kiarabu. Nikiwafundisha wanaoanza huwaambia wachore kwa mpangilio huo huo. Gawa mchoro katika vyeupe na vyeusi mpaka usomeke. Kisha amua mahali pamoja pa joto, pa kuvuta jicho, hapo ndipo pako pekundu hata kama rangi yenyewe ni nyingine. Ndipo uende kuazima zilizobaki.

Nikiweka vivuli, rangi zote zinageuka matope. Natumia modi ya kuzidisha kama ulivyosema.

Nilisema modi ya kuzidisha, hii mnayoiita maltiplai. Sikusema uijaze kijivu.

Modi hiyo inafanya hesabu ya wazi kabisa: inachukua namba ya rangi ya chini, inaizidisha na ya juu, inagawanya kwa 255. Kila rangi ya skrini ni namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Chukua kahawia ya nyekundu 150, kijani 95, bluu 65. Izidishe na kijivu cha 128 kwenye mikondo yote mitatu. Unapata 75, 48, 33. Angalia vizuri: uwiano haujabadilika. Ni kahawia ile ile iliyozimwa taa nusu, na ukifanya hivyo kwa nguo, nywele, nyasi na ukuta, mchoro mzima unavaa masizi. Sasa badala ya kijivu weka zambarau iliyopoa, tuseme 150, 130, 190. Kahawia ile inakuwa 88, 48, 48. Uzito wake ni karibu sawa na ule wa kwanza, lakini imepinda kuelekea wekundu, na jicho linaamini kuna hewa na anga upande ule wa kivuli.

Kivuli si ukosefu wa mwanga. Ni mahali ambapo taa kubwa haifiki na taa ndogo zinapata nafasi ya kuonekana. Nje mchana taa ndogo hiyo ni anga, ndiyo maana vivuli vya jua kali huelekea bluu. Ndani ya chumba ni ukuta au sakafu iliyo karibu. Jiulize kila mara: hapa jua halifiki, sasa kinachopaangaza ni nini?

Matope yana mlango mwingine, nao ni kulainisha. Ukiburuta brashi laini kati ya nyekundu safi na kijani safi, programu nyingi zitakupa katikati 128, 128, 0, rangi ya mzeituni iliyozimika, yenye giza kuliko kijani ulichoanzia. Hilo linatokana na namna namba zinavyohifadhiwa. Taa mbili halisi zikichanganywa nusu kwa nusu, katikati ingekuwa karibu na 188, 188, 0, manjano yenye uhai. Kwa hiyo unapounganisha rangi mbili zinazopingana, chagua ya katikati wewe mwenyewe na uiweke kwa brashi ngumu. Mtu anayelainisha kila kitu tangu mwanzo anaficha kwamba hajaamua umbo liko wapi. Nimeona michoro mingi mizuri ikifia kwenye brashi laini.

Nikimwaga rangi kwa ndoo kunabaki doa jeupe kando ya mistari.

Kingo za mstari wako zina pikseli za nusu-nusu, si nyeusi wala nyeupe, na ndoo inaziogopa. Ongeza kiwango cha uvumilivu cha ndoo, kisha iamuru itanue eneo kwa pikseli 1 au 2, na hakikisha rangi iko kwenye leya iliyo chini ya mistari. Ukishapata umbo safi, funga pikseli zake tupu au bana leya za vivuli juu yake, usipake tena nje ya kingo. Hili limo katika maelekezo ya kila programu, na naomba kabla ya kuniandikia mtu aanzie huko.

Nimeweka kijivu karibu na ukuta mwekundu. Kwenye picha kinaonekana cha kijani! Nimekinyonya kwa kile chombo chenye umbo la dropa, namba zinasema kijivu kitupu. Je, programu ina kasoro?

Haina kasoro, na umegundua mwenyewe jambo ambalo lilimfanya mkemia mmoja akae miaka mingi akiliandikia.

Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, kuanzia 1824. Malalamiko yaliyomfikia yalikuwa kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazina nguvu, hasa zikifumwa kuwa vivuli ndani ya bluu na zambarau. Akazilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine na kukuta hazina tatizo. Tatizo lilikuwa ni jirani. Rangi iliyo kando ilikuwa inaisukuma nyeusi kuelekea upande wa pili wa gurudumu, ikaonekana imechuja. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Nyekundu yako inakisukuma kijivu kuelekea kijani. Ukitaka kionekane kijivu, kipe wekundu kidogo sana, hata ikiwa namba zitasema si kijivu tena. Anayeamua ni macho yako, dropa haina kura. Na sasa kitumie hicho kilichokutisha: kwenye chumba chenye taa ya machungwa, shati jeupe likipakwa kijivu chenye joto kidogo litaonekana jeupe lililopoa, bila wewe kugusa bluu hata mara moja. Kwa njia hiyo mchoro unapata rangi ambazo hazimo ndani yake.

Hii pia ndiyo sababu ya kuwaonya wanaonyonya rangi kutoka kwenye picha za kamera au michoro ya wengine. Mnanyonya pikseli, mnaacha majirani zake. Ikifika kwenye mchoro wenu ina majirani wengine, inageuka rangi nyingine, mnaniandikia kwamba mmeinakili sawasawa na bado imekataa.

Mchoro mzuri unahitaji rangi ngapi?

Chache kuliko ulizoweka. Mchoraji wa Sweden, Anders Zorn, anajulikana kwa kupaka nyuso za watu kwa rangi nne: nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo na nyekundu. Hana bluu, na kijivu chake cha nyeusi na nyeupe kikikaa kando ya rangi zile za joto, jicho linakisoma bluu. Jibu la juu limekueleza kwa nini. Jaribu wiki nzima na nne hizo kabla ya kupakua mkusanyiko mwingine wa rangi elfu moja.

Naomba unipakie rangi mchoro wangu niliokutumia, halafu nijifunze kwa kuangalia.

Hapana. Nitakuwa nimejifunza mimi.

Nimechora nyumba na miti usiku wa mbalamwezi. Nimefunika kila kitu kwa leya ya bluu nzito, lakini inaonekana kama mchana uliovalishwa miwani ya bluu.

Umeelezea kosa lako vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Umebadilisha rangi, ukaacha mwangaza na ukolezi wa mchana palepale ulipokuwa.

Mwanga wa mwezi ni wa jua uliorudishwa, ila mwezi mpevu ni hafifu kuliko jua kwa takriban mara 400,000. Kwenye uchache huo, seli za jicho zinazotambua rangi huwa karibu kulala, na kazi inashikwa na nyingine zisizojua rangi, ambazo kwa nyekundu ni kama vipofu. Mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkyně, aliliona hili mwanzoni mwa karne ya 19 akitazama maua alfajiri: yale mekundu, ambayo mchana yangewaka, yalionekana karibu meusi, huku majani ya kijani yakiwa yameanza kujitokeza.

Kwa hiyo anza na nyekundu zako zote, ziteremshe hadi karibu na nyeusi. Paa lako la vigae litakuwa moja ya vitu vizito kabisa kwenye picha. Punguza ukolezi wa kila kitu zaidi ya moyo wako unavyoridhia. Ndani ya vivuli usiweke maelezo. Matofali uliyoyachora moja moja upande wa kiza yafute, najua yamekugharimu saa nyingi. Acha ukingo wa paa, njia na maji tu vishike mwanga. Na kama kuna dirisha lenye taa, rangi halisi zirudi pale tu taa inapofika, mahali padogo, na hapo ndipo mtazamaji ataenda moja kwa moja. Leya ya bluu iweke mwisho, nyepesi. Nimeona michoro ya usiku isiyo na bluu kabisa ikasomeka usiku, na sijaona hata mmoja uliookolewa na bluu.

Kwenye tableti yangu rangi zinawaka, nikimtumia rafiki zinafifia.

Zima kwanza kile kichujio cha usiku kinachoifanya skrini iwe ya manjano. Wengi wanapaka rangi kikiwa kimewashwa, wanaongeza bluu ili kufidia wasichokijua, asubuhi picha imeganda kama barafu. Zima pia urekebishaji wa skrini wa kufuata taa za chumba, na mwangaza wa skrini uache pamoja.

Halafu tazama wasifu wa rangi wa faili lako, yaani maelezo yanayoiambia skrini namba zake zinamaanisha rangi zipi. Tableti na simu nyingi za sasa zinaonyesha P3, wigo wa rangi ulio mpana kuliko sRGB, ule wa HP na Microsoft wa 1996 ambao hadi leo ndio lugha ya pamoja ya skrini. Ukichora kwenye P3 na faili likafika mahali pasipoheshimu wasifu, nyekundu na kijani zako zinachuja. Anza faili jipya ukiwa umechagua sRGB, isipokuwa una sababu unayoweza kuitaja.

Na usitume kwa JPEG iliyobanwa sana. JPEG huhifadhi mwangaza kwa ukamilifu zaidi kuliko rangi. Mara nyingi pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwa picha ya kamera huoni tofauti, kwa mstari mwembamba mwekundu juu ya nyeusi utauona umekuwa ukungu. Tumia PNG.

Mteja anataka kuchapa mchoro wangu. Nifanye nini kabla ya kumpa?

Ungeniuliza kabla ya kuchora ingekuwa afadhali, lakini afadhali sasa kuliko baada ya kuchapwa.

Skrini inajumlisha mwanga, wino unaupunguza. Wino nne za mashine, yaani sayani, majenta, manjano na nyeusi, haziwezi kufikia bluu ya 0, 0, 255 wala kijani cha 0, 255, 0, na zambarau zinazowaka ndizo za kwanza kufa. Miaka ya nyuma nilichora jalada lenye anga la zambarau ambalo nililipenda sana. Nakala zilipotoka, anga lilikuwa bluu ya kuchoka, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Nilimlaumu aliyechapa. Lakini faili lilitoka mikononi mwangu, na sikuwa nimewasha hata mara moja onyesho la uchapaji ambalo lilikuwa humo humo kwenye programu. Krita inalo, Photoshop inalo. Mwombe anayechapa wasifu wa rangi wa mashine yake, uwashe onyesho hilo, uone zipi zinakufa, uzibadilishe wewe kabla mashine haijakubadilishia.

Ukubwa: pikseli 300 kwa inchi. Kwa karatasi ya A4 hiyo ni 2480 kwa 3508. Ukichora kwenye 1000 halafu ukatanua, umetanua ukungu. Muulize pia kiwango cha juu cha wino wanachokubali. Wino nne zote zikijazwa ni asilimia 400, na karatasi nyingi hazivumilii zaidi ya 300 hivi, zinalowana na kuchafua ukurasa unaofuata. Nyeusi yako ya anga la usiku ichunguze hapo. Na dai nakala moja ya majaribio. Mteja akisema hakuna muda, mwandikie kwamba umeomba, uihifadhi barua hiyo.

Mistari ibaki nyeusi au niipake rangi?

Ipake pale tu inapopita ndani ya maeneo yenye mwanga, kwa rangi nzito ya kitu chenyewe. Ya nje iache. Ikiwa mwangaza wa mchoro haujasimama, mistari ya rangi itauangusha zaidi.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka kumi na saba. Nimegundua kwamba sioni tofauti ya nyekundu na kijani kama wenzangu. Nilipaka nyasi kahawia, wakacheka. Je, niache kuchora kwa rangi?

Marahaba mwanangu. Usiache.

Hauko peke yako, na wala si wachache. Katika watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, ambako hili limepimwa sana, ni takriban mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Kwingineko idadi hupungua lakini wapo kila mahali. Mkemia John Dalton, ambaye jina lake bado linatumika katika lugha kadhaa kuitaja hali hii, alijieleza mwenyewe mbele ya wasomi wenzake mwaka 1794. Ni jambo la kurithi, na ulichonacho hakihusiani na bidii wala kipaji.

Sasa tuhesabu ulichobakiwa nacho. Mwangaza unauona. Bluu na manjano unazitofautisha, na mhimili huo peke yake unabeba joto na ubaridi wa karibu mandhari yote, jua upande mmoja na anga upande mwingine. Wenzako wanaokucheka wana nyekundu na kijani, na wengi wao mwangaza umewashinda; nimetumia barua nzima ya leo kuwalilia. Wewe umelazimika kuutegemea tangu utotoni.

Kwa nyasi na kahawia, acha kuamini macho na anza kusoma namba, na hapa ndipo namba zina haki yake. Fungua gurudumu linaloonyesha pembe ya rangi kwa nyuzi: 0 ni nyekundu, 60 manjano, 120 kijani, 240 bluu. Kahawia nyingi ziko kati ya 15 na 40, na nyasi za kawaida kati ya 70 na 120. Tengeneza kisanduku chako cha rangi, kila moja uiandike jina, na uchague kutoka humo tu. Kama nyekundu zinaonekana kwako nyeusi kuliko wengine wanavyoziona, ambayo ni aina mojawapo ya hali hii, ile leya ya kukagua mwangaza niliyoieleza juu ndiyo itakayokusahihisha. Photoshop inaweza pia kuwaonyesha wenzako jinsi wewe unavyouona mchoro wao. Waombe wajaribu kazi zao zenye maandishi mekundu juu ya kijani, waone kama yanasomeka.

Ile picha ya nyasi za kahawia uliyoambatanisha nimeitazama kwa leya ya kukagua. Miti inasimama, mtu anaonekana, njia inaongoza jicho hadi mlangoni. Badilisha nyasi ziende nyuzi 90, mwangaza wake usiuguse, uniletee tena.